Ngome ya Salahuddin Mjini Cairo: Makumbusho Yanayosimulia Nusu ya Historia

 

Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kuangalia ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Tunaukuta mwito huo katika Suratul An'am aya ya 11, katika Suratul Hajj aya ya 46, na katika Suratur Rum aya ya 9. Maulamaa wa tafsiri wameeleza kwamba makusudio si kutembea kwa miguu peke yake. Makusudio ni mazingatio, yaani moyo ufahamu kile ambacho jicho limekiona. Kwa kipimo hicho tunataka kuitazama Ngome ya Salahuddin iliyoko juu ya kilima mjini Cairo, ambayo leo ni mahali pa makumbusho, utalii na matamasha. Wanafunzi wetu wengi wa Afrika Mashariki wanaosoma Al-Azhar hupanda ngome hiyo, hupiga picha, kisha hurejea nyumbani. Swali letu ni hili: wanarejea na nini?

Rai yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo. Jengo limehifadhiwa, na hilo ni jema. Lakini kilichowekwa mbele zaidi katika historia yake ni panga, mizinga na makasri, hali ya kuwa historia yake iliyo kubwa zaidi kwetu Waislamu ni ya hukumu, yaani kadhi na sultani, mfungwa na mwenye dola. Hiyo ndiyo nusu isiyosimuliwa, na sisi wenye elimu ya dini tuna sehemu yetu katika kuinyamazia.

Mwaka mmoja, majengo mawili

Salahuddin Yusuf bin Ayyub aliuondoa ukhalifa wa Wafatimi nchini Misri mwaka 567 Hijria (1171 Miladia). Mwaka 572 Hijria (1176) aliamuru ijengwe ngome juu ya tawi la jabali la Muqattam, pamoja na ukuta wa kuizunguka Cairo na Fustat. Usimamizi wa kazi aliukabidhi kwa amiri wake Bahauddin Qaraqush. Al-Maqrizi amenukuu kisa mashuhuri kwamba nyama ilitundikwa sehemu mbalimbali za mji, na ile iliyotundikwa juu ya kilima ndiyo iliyochelewa kuharibika, hivyo ikajulikana kuwa hewa ya pale ni safi. Huenda kisa hicho ni kweli, na huenda ni pambo la wasimulizi. Sababu ya kivita inaonekana bila kisa: anayekishika kilima kile ameushika mji.

Ibn Jubayr, msafiri wa Andalus aliyepita Cairo mwaka 1183, aliona ujenzi ukiendelea, naye ameandika kwamba waliokuwa wakipasua mawe na kuchimba handaki ni mateka wa Kinaswara wasiohesabika. Baadhi ya mawe yalichukuliwa kutoka piramidi ndogo za Giza. Kisima kirefu kilichochongwa ndani ya mwamba kinaitwa Kisima cha Yusuf. Wapo wanaodhani kuwa ni cha Nabii Yusuf (AS), na dhana hiyo haina msingi. Yusuf anayetajwa ni Salahuddin mwenyewe, kwa jina lake la kuzaliwa.

Jambo ambalo mara chache husemwa ni kwamba katika mwaka huo huo wa 572 Hijria Salahuddin aliamuru kujengwa madrasa kando ya kaburi la Imam Shafi'i (RA), chini ya usimamizi wa Sheikh Najmuddin al-Khabushani. Ngome na madrasa zilitoka katika amri za mtu mmoja na mwaka mmoja. Kwetu sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, hili si jambo dogo. Mtawala yule alielewa kwamba dola inahitaji ukuta, na inahitaji pia fiqhi. Anayeipanda ngome bila kuizuru madrasa ile ameona nusu ya mpango.

Ni vizuri pia kufahamu kwamba Salahuddin hakuishi katika ngome inayobeba jina lake. Aliondoka Misri mwaka 1182 kwenda Sham, hakurudi tena, na alifariki Damascus mwaka 589 Hijria (1193). Aliyehamia ngomeni kwanza na kuifanya makazi ya watawala ni mtoto wa ndugu yake, al-Kamil, mwanzoni mwa karne ya 13. Tangu hapo hadi karne ya 19, kwa kiasi cha miaka 650, Misri iliongozwa kutoka juu ya kilima hicho. Na ule msikiti mkubwa wenye minara miwili mirefu, unaoonekana kutoka kila upande wa mji na ambao wengi hudhani ni wa Salahuddin, ulianza kujengwa mwaka 1830, yaani zaidi ya miaka 600 baada ya kufa kwake.

Ngome kama kiti cha hukumu

Wamamluki walipotawala (1250 hadi 1517), ngome haikuwa kambi ya askari peke yake. Mwaka 663 Hijria (1265) Sultani adh-Dhahir Baybars aliweka makadhi wakuu wanne, mmoja kwa kila madhehebu: Shafi'i, Hanafi, Maliki na Hanbali. Kabla ya hapo kadhi mkuu wa Misri alikuwa Mshafi'i peke yake. Baybars alijenga Darul Adl, yaani nyumba ya uadilifu, chini ya ngome, ili kusikiliza malalamiko ya raia waliodhulumiwa na wenye mamlaka. Baadaye an-Nasir Muhammad bin Qalawun (aliyefariki mwaka 741 Hijria) alijenga ndani ya ngome ukumbi mkubwa uliojulikana kwa jina la Iwan. Hapo sultani aliketi siku maalumu za wiki, makadhi wanne wakiwa pembeni yake, na makaratasi ya malalamiko yakasomwa mbele yao.

Hii ndiyo inayoitwa katika fiqhi ya utawala wilayatul madhalim, mamlaka ya kuondoa dhulma, ambayo al-Mawardi ameitengea mlango mzima katika kitabu chake cha Al-Ahkam as-Sultaniyya. Hatusemi kwamba kila aliyelalamika alipata haki yake. Vitabu vya tarehe vya zama hizo vimejaa rushwa, ununuzi wa vyeo na adhabu za kikatili. Lakini hapakosekani funzo katika kule kukubali tu kwamba mtu aliyedhulumiwa na amiri ana mahali pa kupanda akasikilizwa.

Uko wapi ukumbi huo leo? Haupo. Mwaka 1517 Sultani Selim wa Dola ya Uthmaniya aliiteka Cairo, na Ibn Iyas, aliyeishi wakati huo, ameandika kwa uchungu jinsi marumaru za ngomeni zilivyobanduliwa na kusafirishwa Istanbul. Kilichosalia cha Iwan na makasri ya Wamamluki kilibomolewa katika karne ya 19 ili Muhammad Ali apate nafasi ya majengo yake. Katika kazi za an-Nasir Muhammad uliobaki kwa ukamilifu ni msikiti wake, uliojengwa mwaka 718 Hijria (1318) na kujengwa upya mwaka 735 (1335). Hivyo ule ukumbi wa kusikiliza dhulma umeondoka pamoja na mawe yake, na kwa kuwa hauonekani, umetoka pia katika simulizi.

Wanazuoni na ngome

Mwenye kutaka nusu hiyo iliyopotea na aende kwenye vitabu vya tabaqat. Tajuddin as-Subki amenukuu kwamba Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyeitwa Sultani wa Maulamaa, alipanda ngomeni siku ya Idi akamkuta Sultani as-Swalih Ayyub katika fahari yake, askari wamejipanga na maamiri wakiibusu ardhi mbele yake. Sheikh akamwita kwa jina lake, bila ya cheo, akamuuliza atamjibu nini Mola wake atakapoulizwa kuhusu ulevi unaouzwa katika duka fulani la mji. Sultani akajitetea kuwa duka hilo lilikuwapo tangu zama za baba yake. Sheikh akamkumbusha kwamba hiyo ni hoja ya wale waliosema wamewakuta baba zao wakifanya hivyo. Duka likafungwa. Baadaye mwanafunzi wake alimuuliza kama hakuogopa, naye akajibu kwa maana kwamba alipoihudhurisha moyoni haiba ya Mwenyezi Mungu, sultani alikuwa mbele yake kama paka.

Kwa ajili ya uadilifu wa kielimu, tuseme kwamba as-Swalih Ayyub alikuwa na ngome nyingine aliyoijenga katika kisiwa cha Rawda, na riwaya imesema ngomeni tu bila kuipambanua. Funzo halibadiliki kwa jina la kuta.

Kisa cha pili cha Sheikh huyo kinaligusa moja kwa moja suala la leo. Alipokuwa kadhi, alipata habari kwamba Fakhruddin, mkubwa katika mambo ya dola, amejenga juu ya msikiti mmoja wa mji nyumba ya tabalkhana, yaani mahali pa kupigia ngoma za heshima za watawala. Sheikh akahukumu jengo hilo livunjwe, akauondoa uadilifu wa Fakhruddin hata ushahidi wake usikubaliwe, kisha akajiuzulu ukadhi. As-Subki anaongeza kwamba baadaye ujumbe wa sultani ulipofika Baghdad, khalifa alikataa kuupokea alipojua kuwa aliyeutamka kwanza kumpa mjumbe ni Fakhruddin.

Na yupo Ibn Taymiyya. Aliletwa kutoka Damascus mwaka 705 Hijria (1306), akakabiliwa na baraza la makadhi na maamiri ngomeni, akafungwa katika shimo la ngome pamoja na ndugu zake wawili kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mwaka 709 Hijria (1310) an-Nasir Muhammad aliporudi katika kiti chake, alitaka fatwa ya kuwaua baadhi ya makadhi waliomuunga mkono mpinzani wake, nao ndio hao hao waliomuudhi Ibn Taymiyya. Ibn Kathir ameeleza kwamba Sheikh alikataa, akawasifu kwa elimu yao, akasema kuwa aliyemuudhi yeye amesamehewa. Mtu anaweza kukhitilafiana na Ibn Taymiyya katika masuala mengi, na Mashafi'i wa zama zake walikhitilafiana naye. Lakini msimamo huo ni katika mambo yanayostahiki kutajwa kwa kila anayepanda kilima kile.

Kutoka kiti cha dola hadi makumbusho

Mwezi Oktoba 1798 watu wa Cairo waliwaasi Wafaransa wa Napoleon. Mizinga iliyowekwa ngomeni ikaipiga Al-Azhar na mitaa yake, na farasi wa Wafaransa wakaingizwa msikitini, kama alivyoandika al-Jabarti. Ngome iliyojengwa kuulinda mji ikawa ndiyo inayoupiga mji.

Mwaka 1805 maulamaa na wananchi, wakiongozwa na Sayyid Umar Makram, walimzingira gavana Khurshid Pasha ndani ya ngome, wakamtaka Muhammad Ali awe mtawala. Miaka minne baadaye, mwaka 1809, Muhammad Ali alimhamishia Umar Makram Damietta. Siku ya Ijumaa, tarehe 1 Machi 1811, aliwaalika maamiri wa Kimamluki katika sherehe ya kumpa mwanawe Tusun uongozi wa jeshi linalokwenda Hijaz. Walipokuwa wakishuka njia nyembamba iliyochongwa kuelekea Babul Azab, milango ilifungwa na risasi zikawamiminikia. Waliuawa kwa mamia, ngomeni na kisha mjini.

Hapa tunakosoa kwa uwazi. Kisa kinachopendwa na wasimulizi wa ngomeni ni cha Mmamluki mmoja aliyeruka ukuta na farasi wake akaokoka. Kwa mwanafunzi wa fiqhi, kiini cha tukio ni kuvunjwa kwa amani. Mgeni aliyealikwa amepewa amani, na fukahaa wamekubaliana kwamba khiyana baada ya kutoa amani ni haramu, hata kwa adui wa vita, sembuse kwa Mwislamu aliyekuja na nguo za sherehe. Wamamluki hawakuwa malaika, kwani walikuwa wameielemea nchi kwa kodi na fitina. Lakini ubaya wa aliyeuawa hauhalalishi hila ya muuaji. Na aliyefanya hivyo ndiye mwenye msikiti unaong'ara juu ya kilima, na kaburi lake limo ndani yake, juu ya kwamba imethibiti katika Sahihi Muslim, kwa riwaya ya Jabir (RA), kukatazwa kujenga juu ya makaburi.

Waingereza waliingia ngomeni mwezi Septemba 1882 na hawakuondoka hadi mwaka 1946. Katika zama zao msikiti wa an-Nasir Muhammad ulitumiwa kama ghala na jela. Mwaka 1949 Makumbusho ya Kijeshi yalihamishiwa katika kasri la zamani la harimu. Mwaka 1979 Cairo ya kihistoria, pamoja na ngome, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwaka 1983 sehemu kubwa ya ngome ilifunguliwa kwa wageni baada ya ukarabati. Katika miaka hiyo ya 1980 yaliongezwa makumbusho ya magari ya farasi ya kifalme na makumbusho ya polisi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nyumba ya Opera ya Cairo imekuwa ikiandaa tamasha la muziki na nyimbo katika ukumbi wa wazi wa Mahka, ndani ya kuta hizo. Kwa kawaida hufanyika mwezi wa Agosti.

Nusu iliyosemwa na nusu iliyoachwa

Ndugu msomaji, hebu yatazame majina ya makumbusho hayo: la jeshi, la polisi, la magari ya wafalme, na kasri la Gawhara la Muhammad Ali. Majina pekee yanakuonesha ni nani anayesimulia. Mahali palipokuwa na makadhi wakuu wanne, hapana jumba linalobeba jina la mahakama. Mahali palipopanda malalamiko ya waliodhulumiwa, hapana jumba linalobeba jina la madhalim.

Jela ya ngome nayo imekuwa kitu cha kutazamwa. Jela hiyo haikuishia zama za kale, kwani katika karne ya 20 iliwekwa mahabusu wa kisiasa hadi miaka ya karibu na kufunguliwa makumbusho. Miongoni mwa waliopitishwa humo katika miaka ya 1960 ni Sheikh Abdulhamid Kishk, khatibu kipofu ambaye kanda za hotuba zake zilisikilizwa katika nchi nyingi za Kiislamu. Mtu akipita mbele ya vyumba vile haitoshi aambiwe kuwa hapa palikuwa na jela. Anahitaji kujua ni nani walifungwa, kwa hukumu ipi, na mbele ya kadhi gani.

Wapo watakaosema kwamba makumbusho si darasa la fiqhi. Ni kweli, lakini si ghala la vyuma pia. Kila anayepanga vitu ameshachagua, na kila aliyechagua ameshasimulia. Sisi hatutaki panga ziondolewe, tunachotaka ni daftari la kadhi liwekwe pembeni yake.

Masuala manne ya fiqhi

Suala la kwanza ni hukumu ya kuzuru mahali kama hapa. Baadhi ya wenzetu hulinganisha na katazo la Mtume (SAW) kwa Maswahaba kuingia katika makazi ya watu wa Thamud ila wakiwa wanalia. Ulinganisho huu haukukamilika sharti zake. Katazo lile limefungamana na watu walioteremshiwa adhabu, ilhali ngome hii ni jengo la Waislamu, ina misikiti, na watu wake walikuwa wema na waovu kama sisi. Kauli yenye nguvu ni kwamba kuizuru kunajuzu, na kwa nia ya mazingatio mtu hupata malipo. Kuizuru kwa kuwatukuza madhalimu ni jambo jingine.

Suala la pili ni hadhi ya misikiti iliyogeuka kuwa vituo vya utalii. Imam an-Nawawi ameeleza kwamba msikiti ukibomoka na usiwezekane kujengwa tena haurudi katika milki ya mtu wala hauuzwi, kwa sababu swala bado inawezekana katika ardhi yake. Hiyo pia ni rai ya Abu Yusuf katika Mahanafi, kinyume na Muhammad bin al-Hasan aliyeona kwamba hurudi kwa aliyeuweka wakfu au warithi wake. Mahanbali wameruhusu kuuzwa au kuhamishwa pale manufaa yanapokatika. Kwa rai ya jamhuri, basi, msikiti wa an-Nasir Muhammad ulibaki msikiti hata ulipokuwa ghala la askari, na unabaki msikiti leo mtalii anapoingia na kamera. Kinachofuata ni kwamba swala ndiyo asili yake, na utalii ni mgeni. Kama mgeni wa ngome hupita kwanza kwenye lango la tiketi, tiketi hiyo na iwe ya makumbusho. Mwenye kuja kuswali wakati wa swala asitozwe, kwani Suratul Baqara aya ya 114 imekemea vikali kuzuia watu wasimtaje Mwenyezi Mungu misikitini mwake. Tunafurahi kutaja kwamba msikiti wa Sulayman Pasha, uliojengwa mwaka 935 Hijria (1528) na ambao ni wa kwanza wa zama za Uthmaniya nchini Misri, ulifunguliwa tena mwaka 2023 baada ya ukarabati. Huo ndio mwelekeo tunaoutaka.

Suala la tatu ni kuingia wasiokuwa Waislamu katika misikiti hiyo. Madhehebu ya Imam Shafi'i yanaruhusu kwa idhini ya Mwislamu, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka. Dalili mashuhuri ni Thumama bin Uthal, aliyefungwa katika msikiti wa Mtume (SAW) akiwa bado mshirikina, akaona swala na tabia za Waislamu, kisha akasilimu. Mahanafi wameruhusu, na Wamaliki wamezuia ila kwa haja. Kwa hiyo asiharakishe mtu kukemea. Bali na aulize: mgeni huyu anakuta nini ndani? Akikuta watu wanaswali kwa unyenyekevu na mwenyeji anayemweleza kwa adabu, Thumama ni mfano. Akikuta kelele na wauza picha, tumeipoteza hoja sisi wenyewe.

Suala la nne ni muziki. Jamhuri ya madhehebu manne wamezuia ala za nyuzi na zumari. Ibn Hazm ameruhusu, na al-Ghazali ana ufafanuzi wake katika Ihya. Hatutaki kulimaliza suala hilo hapa. Lakini hata anayeruhusu ana masharti, na miongoni mwake ni kutoingia katika haramu nyingine na kutovunja heshima ya mahali pa ibada. Kisa cha tabalkhana kinatuonesha mpaka: Sheikh Izzuddin hakuvunja kila tabalkhana ya Misri, alivunja ile iliyopandishwa juu ya msikiti. Hivyo ukumbi ulio ndani ya ngome, mbali na msikiti, haulingani moja kwa moja na hukumu yake, na anayedai hivyo amechupa. Lakini zikifika sauti za vyombo kwa anayeswali, au uwanja wa msikiti ukigeuzwa jukwaa, illa ile ile imerudi. Mwenye kusimamia mahali hapo ana wajibu wa kupanga nyakati na sehemu, na mwanachuoni ana wajibu wa kumkumbusha kwa hoja.

Funzo kwa watu wa pwani

Masuala haya si ya Cairo pekee. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698, ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho mwaka 1962. Ngome Kongwe ya Unguja, ingawa haiko kilimani, kwa miaka mingi imekuwa uwanja wa tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004. Vijana wetu huingia humo. Maimamu wengi wamelalamikia muziki, na malalamiko yao yana msingi. Lakini ni wangapi kati yetu tumewaandikia vijana hao historia ya makadhi, ya wafungwa na ya wakfu za miji ile? Tukiacha uwanja wazi, mpiga ngoma hana lawama ya peke yake.

Tunapendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, mwanafunzi anayekwenda Cairo asome kabla ya safari kisa cha Sheikh Izzuddin katika Tabaqat ya as-Subki, na habari za Darul Adl kwa al-Maqrizi, ili apande ngomeni akiwa na macho. Pili, aanze kwa Imam Shafi'i na mahali pa madrasa ya Salahuddin, kisha ndipo apande kilimani, ili ayaone majengo mawili ya mwaka mmoja. Tatu, madrasa zetu zifanye ziara kama hizo katika ngome za kwetu, pamoja na mwalimu anayeijua tarehe na anayeijua fiqhi.

Ngome ilijengwa kumlinda mtawala na maadui wa nje, na waliomtikisa ndani yake walikuwa watu wasiokuwa na silaha. Masultani wengi waliokaa pale hawakumbukwi ila na wasomi wa tarehe. Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, bado anasomwa katika madrasa zetu. Hilo ndilo tunalotaka msomaji alichukue anapopita katika lango la ngome yoyote ile.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale wanaotembea wakazingatia, na awape viongozi wetu uadilifu na maulamaa wetu ujasiri. Wallahu a'alam.